Drafti ya Seattle 2012: kundi bora, au watu wawili tu?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Naishi Kent, jimbo la Washington, na tangu nihamie huku nimeshikwa na Seahawks, timu ya mpira wa Kimarekani ya Seattle, kama wenzangu wote wa ghalani ninakofanya kazi. Kila Aprili drafti ikiisha tu, kesho yake wachambuzi wanagawa alama: timu hii A, ile C, nyingine F. Juzi tulibishana juu ya drafti ya Seattle ya mwaka 2012. Mmoja anasema hakuna timu iliyowahi kuokota vizuri vile. Mwingine anasema walipata watu wawili, Russell Wilson na Bobby Wagner, na wale wanane waliobaki ni wa kujazia karatasi. Nani mkweli? Na mtu wa kawaida anapimaje kundi la drafti, na baada ya miaka mingapi?

Jibu: Salama kabisa, ndugu yangu. Hukumu kwanza, maelezo baadaye: lile ni miongoni mwa makundi bora ambayo timu yoyote ya NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, imepata tangu mwaka 2000, na mwenzako anayesema lilibebwa na watu wawili naye hajasema uongo. Mnagombana kwa sababu mmoja anahesabu vichwa na mwingine anawatazama nyota tu. Wote wawili wameiruka bei, na drafti usipoijua bei yake huwezi kuipima.

Kwa wasomaji ambao mpira wa Kimarekani bado ni mgeni kwao, maneno machache. Huku timu hainunui kijana kutoka klabu nyingine kama tulivyozoea kwenye usajili wa soka. Wachezaji wanatoka vyuo vikuu, na timu 32 zinawachagua kwa zamu katika raundi 7; uchaguzi huo ndio drafti. Iliyofanya vibaya zaidi msimu uliopita inatangulia, bingwa anakuwa wa mwisho katika raundi. Ukishachaguliwa, mkataba ni wa miaka minne, na mshahara wako unafuata namba uliyochaguliwa. Wa raundi ya kwanza tu ndio timu inaweza kuwaongezea mwaka wa tano. Utaratibu huu wa mishahara ulianza mwaka 2011. Mwaka mmoja kabla yake, Sam Bradford, chaguo la kwanza la 2010, alipata mkataba wa dola milioni 78 akiwa na milioni 50 za uhakika, hajarusha hata pasi moja. Cam Newton, chaguo la kwanza la 2011, alipata takriban milioni 22 kwa miaka minne. Shika tofauti hiyo, tutairudia.

Sasa orodha yenyewe. Seattle walichagua watu kumi mwaka ule: Bruce Irvin nafasi ya 15, Bobby Wagner ya 47, Russell Wilson ya 75, Robert Turbin ya 106, Jaye Howard ya 114, Korey Toomer ya 154, Jeremy Lane ya 172, Winston Guy ya 181, J.R. Sweezy ya 225 na Greg Scruggs ya 232. Wachambuzi walicheka. Irvin, walisema, ni mtu wa raundi ya pili aliyenunuliwa kwa bei ya raundi ya kwanza. Wilson alikuwa mfupi mno kwa kwotabeki, yaani kiongozi wa mashambulizi anayerusha pasi, hafiki hata mita 1.82, na isitoshe Seattle walikuwa wameshamsajili Matt Flynn mwezi Machi ili awe kwotabeki wao. Baadhi waliwapa Seattle alama ya chini kuliko timu zote.

Watu wanapenda kuzifukua alama zile ili wawacheke wachambuzi. Mimi siwacheki. Alama ya kesho yake inapima kitu kimoja tu: timu imekubaliana kiasi gani na orodha ambayo mchambuzi alikuwa ameiandaa mwenyewe. Ukiisoma hivyo haina madhara. Ukiisoma kama matokeo ya mtihani ambao hata haujafanyika, utajitesa kila Aprili.

Tuanze na Wilson, maana bila yeye hata mabishano yasingekuwepo. Mwaka ule makwotabeki watano walichaguliwa kabla yake: Andrew Luck wa 1, Robert Griffin wa 2, Ryan Tannehill wa 8, Brandon Weeden wa 22 na Brock Osweiler wa 57. Nafasi tano tu kabla ya zamu ya Seattle, Jacksonville Jaguars walitumia chaguo la 70 kumchukua Bryan Anger, mpiga panti, yaani mtu ambaye kazi yake ni kuupiga mpira mbali pale timu yake inaposhindwa kusonga. Mashabiki wa Jacksonville hawajasahau hadi leo.

Wilson akaja, akampiku Flynn katika mechi za maandalizi, na msimu wake wa kwanza akarusha pasi 26 za tachidauni, yaani za kufunga kwa kuufikisha mpira eneo la mwisho la adui, akiifikia rekodi ya Peyton Manning kwa mchezaji wa mwaka wa kwanza. Timu iliyokuwa imeshinda 7 na kupoteza 9 mwaka 2011 ikashinda 11 na kupoteza 5. Msimu uliofuata ikashinda 13, na tarehe 2 Februari 2014 ikaichapa Denver 43 kwa 8 na kutwaa Super Bowl, fainali ya ligi, kwa mara yake ya kwanza.

Hadi hapo kila mtu wa ghalani anajua. Kinachosahaulika ni mshahara. Mkataba wa Wilson wa miaka minne ulikuwa na thamani ya takriban dola milioni 3 zote kwa jumla. Mwaka 2013, ukomo wa mishahara wa timu nzima ulikuwa milioni 123, na yeye alikuwa anakula kama nusu milioni. Kwotabeki anayeshinda ubingwa alikuwa anachukua chini ya nusu asilimia ya pesa za timu! Ndiyo maana mwaka uleule Seattle waliweza kuwasajili Cliff Avril na Michael Bennett, wawili wa kumkimbiza kwotabeki wa adui, na kumleta Percy Harvin kutoka Minnesota. Siku ya fainali Harvin aliupokea mpira wa kuanzia kipindi cha pili akaupeleka mpaka mwisho wa uwanja. Avril ndiye aliyemgonga Peyton Manning mkono akirusha, mpira ukapaa hovyo, Malcolm Smith akaudaka na kukimbia nao hadi tachidauni. Hao hawamo katika drafti ya 2012, lakini ni drafti ya 2012 iliyowalipia.

Kwa hiyo mtu akikuuliza Wilson alikuwa na thamani gani, usimjibu kwa takwimu za pasi peke yake. Mwaka 2015 Seattle walimpa mkataba mpya wa miaka minne wa dola milioni 87.6. Kuanzia hapo alikuwa kwotabeki mzuri anayelipwa kama kwotabeki mzuri, na timu haikurudi tena Super Bowl akiwa nayo. Faida kubwa ya drafti ilikuwa katika misimu ile minne ya mwanzo, 2012 hadi 2015: mchujo kila mwaka, fainali mbili, ubingwa mmoja. Hiyo ndiyo sababu nashikilia kwamba kundi lipimwe kwanza ndani ya mkataba wa kwanza. Miaka inayofuata, yule ni mchezaji uliyemnunua sokoni kama timu nyingine yoyote ingeweza kumnunua.

Wagner habari yake ni fupi na tamu. Lainibeka, yaani mlinzi anayesimama nyuma ya safu ya mbele ya ulinzi, chaguo la 47, kutoka Utah State. Nafasi ya 46, moja tu kabla yake, Philadelphia walimchukua lainibeka mwingine, Mychal Kendricks. Wagner akaenda kuwa All-Pro wa kikosi cha kwanza, yaani kikosi cha walio bora katika ligi kwa msimu, mara sita akiwa Seattle na kuingia katika timu bora ya muongo wa 2010. Ila kuna kipande cha biashara hapa ambacho watu hawakitaji: Seattle walikuwa na nafasi ya 43, wakaiuza kwa New York Jets, wakashuka hadi 47 na kupewa machaguo mengine mawili ya chini juu yake. Jets walipanda ili wamchukue Stephen Hill, mpokeaji mrefu mwenye mbio, akadumu nao misimu miwili. Seattle walilipwa ili wasubiri zamu nne, na zamu ilipofika Wagner bado alikuwepo. Kazi nzuri ya drafti ikifanyika, ndivyo inavyoonekana.

Sasa Irvin, na hapa ndipo nitakuomba utulie, maana ndipo kipimo kinapokuwa kigumu. Seattle walikuwa na nafasi ya 12. Wakaibadilisha na Philadelphia, wakashuka hadi 15 na kupewa nyongeza ya machaguo ya 114 na 172. Philadelphia, nafasi ya 12, walimchukua Fletcher Cox, jitu la katikati ya safu ya ulinzi. Cox alicheza misimu 12 palepale, akaenda Pro Bowl, mkusanyiko wa nyota wa ligi wa kila mwaka, mara sita na kushinda Super Bowl LII. Seattle, nafasi ya 15, wakamchukua Irvin. Msimu wa kwanza Irvin alimwangusha kwotabeki mara 8, namba nzuri kwa mtu wa mwaka wa kwanza. Mwaka wa pili alifungiwa mechi nne za mwanzo, akahamishiwa nafasi ya lainibeka, na kwa miaka yote minne jumla yake ikawa 22. Timu haikutaka kumwongezea mwaka wa tano, mwaka 2016 akaenda zake Oakland.

Je, Irvin alikuwa kosa? Ukimlinganisha na Cox, ndiyo. Ukitazama walioitwa muda mfupi baada yake, Chandler Jones alienda New England nafasi ya 21, akamaliza kazi yake na zaidi ya mara 100 za kuwaangusha makwotabeki. Napo Irvin anashindwa. Lakini mwenye haki atauliza pia: yale machaguo mawili ya nyongeza yalizaa nini? La 114 likawa Jaye Howard, ambaye Seattle walimwacha 2013 na akaenda kuwa mchezaji wa kueleweka Kansas City. Huyo kwenye daftari la Seattle ni sifuri, hata kama macho yao yaliona vizuri. La 172 likawa Jeremy Lane.

Lane ndiye anayenifanya nisikubali kabisa maneno ya mwenzako kuhusu "wanane wa kujazia karatasi". Tazama Super Bowl ya Februari 2015, Seattle na New England. Robo ya kwanza, Tom Brady amesogea karibu kabisa na mstari wa Seattle, anarusha kumtafuta Julian Edelman. Lane, konabeki wa tatu, yaani mlinzi wa kuwakaba wapokeaji pasi, mtu wa raundi ya 6, anaikata pasi ile mbele ya goli lao na kuanza kukimbia nayo. Edelman anamfuata, anamwangusha, na katika kuanguka Lane anavunjika mkono. Akatoka nje, akaingia Tharold Simon, naye Brady akamfanya Simon ndiyo njia yake ya usiku mzima. Tachidauni ya kwanza ya New England ilipita kwa Simon. Ile ya mwisho ya Edelman, zikiwa zimebaki kama dakika mbili, ilipita kwa Simon pia. Seattle walikuwa mbele 24 kwa 14 wakiingia robo ya nne, wakafungwa 28 kwa 24. Watu wanakumbuka pasi ya Wilson iliyodakwa na Malcolm Butler wa New England kwenye mstari wa goli, na wana haki ya kuikumbuka. Mimi nikiirudia mechi ile namwangalia Lane akitolewa. Chaguo la 172 halina jina kubwa, lakini lilipokosekana kwa robo tatu za mchezo tuliona lilikuwa linaziba nini.

Sweezy je? Chuoni North Carolina State alikuwa mchezaji wa ulinzi. Seattle wakamchukua raundi ya 7, wakamgeuza kuwa mlinzi wa kwotabeki, upande wa pili kabisa wa mpira, na akaanza mechi ya kwanza ya msimu wa 2012. Akaanza katika Super Bowl zote mbili. Mtu wa nafasi ya 225! Wengi wanaochaguliwa kule chini hawamalizi hata mwaka kikosini. Turbin alikuwa mbeba mpira msaidizi nyuma ya Marshawn Lynch, kazi ya kawaida kwa bei ya kawaida. Toomer, Guy na Scruggs hawakuacha alama Seattle, na sitakupotezea muda nao.

Ukipiga hesabu: nyota wawili wa hali ya juu, waanzaji wawili wa kweli, mmoja wa kutumainiwa katika kikosi cha ulinzi, mmoja wa akiba, wanne hawakuisaidia timu kwa lolote la maana. Mwenzako wa kwanza akikuambia "kumi bora", mwonyeshe hao wanne. Wa pili akikuambia "wawili tu", mwonyeshe Sweezy, Lane na hata Irvin. Lakini kumbuka pia kwamba hata ukifuta wale wanane wote, kwotabeki bingwa kwa nusu milioni kwa mwaka na lainibeka bora wa kizazi chake kutoka raundi ya pili wanatosha kulibeba kundi zima. Nafasi wanazocheza watu hazina uzito sawa. Kwotabeki mmoja wa maana ni zaidi ya waanzaji wanne wa kawaida. Kansas City mwaka 2017 walichagua watu sita. Patrick Mahomes alikuwa wa 10, na ili wampate waliwapa Buffalo nafasi yao ya 27, moja ya raundi ya 3, na raundi ya kwanza ya mwaka uliofuata. Kareem Hunt akaongoza ligi nzima kwa kubeba mpira mwaka ule kisha akaachwa mwaka 2018, na wengine hawakufika mbali sana. Hesabu ya vichwa ingewapa alama ya wastani. Nani Kansas City atakubali?

Kuna watu wawili wengine ambao lazima uamue kama utawaweka kundini. Jermaine Kearse na DeShawn Shead hawakuchaguliwa na timu yoyote mwaka 2012, Seattle wakawasajili bila drafti. Kearse alifunga tachidauni katika ushindi dhidi ya Denver, akafunga ile ya muda wa ziada iliyowaondoa Green Bay Januari 2015, na dhidi ya New England aliudaka mpira akiwa chali baada ya kumdundadunda mwilini. Wataalamu wengi hawawahesabu wasiochaguliwa, kwa kuwa kila timu ilikuwa huru kuwasajili. Mimi nawaandika pembeni, kwa wino mwingine. Wanaonyesha ubora wa macho ya timu, ila timu haikuwalipia kwa chaguo. Ni njia hiyohiyo ya pembeni iliyompitisha Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga na kusajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 bila kuwahi kucheza mpira huu chuoni.

Sasa jambo ambalo ghalani huenda lisipokelewe vizuri. Kundi kuwa bora si ushahidi kwamba waliolichagua walijua wanachofanya kwa kiwango hicho. Fikiria: kama meneja mkuu John Schneider na kocha Pete Carroll wangekuwa na uhakika kwamba Wilson ni kwotabeki wa kushinda Super Bowl, wangemwacha mpaka nafasi ya 75? Walimpita mara mbili wao wenyewe, wakamchukua Irvin, wakamchukua Wagner, huku timu nyingine zikiwa na zamu zaidi ya sabini za kumnyakua. Walimwona kuliko wengine, hilo nawapa kwa mikono miwili. Lakini hawakumwona kama tunavyomwona sisi leo. New England nao mwaka 2000 walichagua watu sita kabla ya kumchukua Tom Brady nafasi ya 199. Hakuna mtu anayeacha almasi chini makusudi apite mara sita.

Wanauchumi Cade Massey na Richard Thaler walilichimba suala hili kwa miaka mingi. Waliwatazama wachezaji wa nafasi moja uwanjani waliochaguliwa wakifuatana, wakauliza: yule aliyetangulia alimpita mwenzake mara ngapi? Jibu lilikuwa takriban asilimia 52. Juu kidogo ya kurusha shilingi. Kendricks na Wagner, mtu wa 46 na wa 47, ndio hesabu hiyo ikiwa na sura na majina.

Na kama unataka ushahidi wa Seattle kwa Seattle, tazama drafti yao ya 2013. Meneja yuleyule, kocha yuleyule, maskauti, yaani wasaka vipaji, kwa sehemu kubwa walewale, miezi kumi na miwili baadaye. Chaguo la raundi ya kwanza walikuwa wamelitoa kwa ajili ya Harvin. Mtu wao wa kwanza akawa Christine Michael, mbeba mpira, nafasi ya 62, na hakuwahi kushika namba ya kudumu. Hakuna hata mmoja wa kundi lile aliyefika Pro Bowl. Tharold Simon, yule niliyekutajia hapo juu, alitoka humo. Macho hayakupofuka katika mwaka mmoja. Ndiyo maana ukitaka kuwapima maskauti na meneja, usiwapime kwa kundi moja. Chukua miaka mitano au sita mfululizo, ndipo bahati inaanza kupungua uzito. Kwa Seattle, 2010 ilileta Earl Thomas na Kam Chancellor, 2011 ikaleta Richard Sherman na K.J. Wright, 2012 unaijua. Hiyo mitatu mfululizo si ya kubahatisha. Miaka iliyofuata ikawarudisha duniani.

Swali lako la muda. Msimu wa kwanza usiseme kitu, labda kumfurahia mtu tu. Baada ya msimu wa tatu unaweza kutoa hukumu ya penseli, kwa sababu hapo unajua nani anaanza na nani ameachwa, na ndio wakati timu zenyewe zinaamua kuhusu mwaka wa tano wa mtu wa raundi ya kwanza. Hukumu ya wino isubiri mkataba wa kwanza uishe. Ukifika hapo angalia kitu kimoja cha ziada: mkataba wa pili. Timu iliyomlea mchezaji inamjua kuliko mchambuzi yeyote. Ikimlipa, imesema. Ikimwacha aende na timu nyingine ikamlipa vizuri, nayo ni habari, na mara nyingine ligi inaifidia timu iliyopoteza. Irvin na Sweezy walipoondoka mwaka 2016, Seattle walipata machaguo ya fidia ya raundi ya 3 katika drafti ya 2017. Machaguo hayo nayo yaingie kwenye hesabu ya 2012.

Kwa vitendo, chukua karatasi. Andika jina, namba aliyochaguliwa, na kile ambacho timu ilitoa au kupokea ili ifike kwenye namba hiyo. Kisha misimu aliyoanza ndani ya mkataba wa kwanza, kwa timu hiyo tu. Kisha andika majina matatu au manne ya watu wa nafasi hiyo uwanjani waliochaguliwa muda mfupi baada yake. Usichukue yule mmoja aliyekuja kuwa gwiji peke yake, maana huo ni uchokozi, kila chaguo duniani lina mtu bora aliyebaki chini yake. Mwisho jiulize kama timu ilishinda zaidi kwa sababu yao. Majeraha yaandike kando. Aliyevunjika goti mwaka wa kwanza anaishusha thamani ya kundi, lakini usimshitaki aliyemchagua isipokuwa goti lile lilikuwa bovu tangu chuoni na wao wakalifumbia macho.

Kama unataka kujaribu, anza na kundi la Seattle la 2022, ambalo mikataba yake ya miaka minne ilifikia msimu wa 2025: Charles Cross wa 9, Boye Mafe wa 40, Kenneth Walker wa 41, Abraham Lucas wa 72, Coby Bryant wa 109, Tariq Woolen wa 153, na wengine watatu wa chini. Woolen, mtu wa raundi ya 5, alinasa pasi 6 msimu wake wa kwanza, akiwa miongoni mwa walioongoza ligi. Ila kabla hujaanza kugawa alama, amua jambo moja. Nafasi ya 9 na ya 40 zilitoka Denver, malipo ya Russell Wilson alipouzwa Machi 2022, pamoja na nyingine mbili za 2023 zilizowaleta Devon Witherspoon na Derick Hall. Wapo wanaomwandika Cross kwenye sifa za 2012, kwamba ni tunda la Wilson. Mimi namwandika 2022, kwa kuwa aliyemchagua alikuwa na nafasi ya 9 mkononi na angeweza kuiharibu. Chagua upande wowote unaoweza kuutetea mbele ya wenzako, mradi usimhesabu mtu mmoja mara mbili.